UZI: Bonde la Mkondoa, kilomita 80 za reli ya kati zilizoamua hatima ya mzigo wa nchi nzima

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mara mjadala wa reli ya kati ukianza humu tunaishia kwenye mambo yale yale: vichwa vya treni vibovu, wawekezaji, malori, bandari. Yote yana ukweli wake. Ila kuna kipande kimoja ambacho kwa maoni yangu ndicho kimebeba historia yote ya reli hii, na hatukijadili kabisa. Ni pale kati ya Kilosa na Gulwe, kama kilomita 80 hivi, reli inapopanda bara ikiwa imekumbatiana na mto Mkondoa. Mzigo wa Tabora, Mwanza, Kigoma, Burundi na Kongo wote umepita hapo zaidi ya miaka 100, na mto ukikasirika, wote husimama.

Kwa wasiopajua, mto wenyewe una majina kadiri unavyoshuka. Juu huko Dodoma na Mpwapwa ni Kinyasungwe. Ukiingia kwenye korongo kati ya milima ya Ukaguru na Rubeho unaitwa Mkondoa. Ukishapita Kilosa na kumwagika kwenye mbuga ya Mkata unakuwa Wami, na huo ndio unaoingia bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo. Kwa hiyo mvua ikinyesha sana kwa Wagogo, maji yanakuja kuvunja reli kwa Wasagara.

Njia hii haikubuniwa na Wajerumani. Misafara ya pembe za ndovu toka Bagamoyo ilishapita bonde hili miaka mingi kabla, ikielekea Mpwapwa kupumzika na kununua chakula kabla ya kuingia Ugogo. Burton na Speke walipita 1857. Henry Morton Stanley alipita 1871, tena masika, na msafara wake uliteseka vibaya kwenye matope ya Mkata. Maana yake hata kabla ya chuma cha kwanza kulazwa, habari za maji ya bonde hili zilikuwa zinajulikana na zimeandikwa.

Ujenzi ulianza Dar es Salaam 1905, mwaka ule ule vita vya Majimaji vilipowaka kusini. Kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyojenga. Morogoro wakafika mwishoni mwa 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914. Jumla kama kilomita 1,250, upana wa mita moja. Mikono iliyochimba na kubeba ilikuwa ya watu wetu, Wanyamwezi wakiwa wengi sana, watu ambao baba zao walibeba pembe kwa njia hiyo hiyo.

Naendelea. Mwenye swali atupie.

---

Mchangiaji wa Dodoma

Mkuu, nondo nzuri. Swali: kwa nini hawakupita kule barabara ya lami inapopita leo, Dumila, Gairo, Kibaigwa? Kule hakuna mto wa kutisha. Walijua kabisa bonde lina maji, wakajitia humo kwa nini?

---

Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake ndilo msingi wa uzi mzima.

Lori linaweza kupanda mlima mkali kwa sababu tairi la mpira linashika lami. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza. Faida yake ni kwamba kwenye tambarare, kuvuta tani moja kwa treni kunahitaji nguvu ya kilo chache tu, tatu au nne hivi. Hasara inakuja ukianza kupanda. Njia ikiinuka mita 1 kwa kila mita 100, kila tani inadai kilo 10 zaidi. Piga hesabu: kichwa kilichokuwa kinavuta mabehewa 40 tambarare, hapo kinavuta kama 10 hivi. Mlima mmoja unatosha kupunguza uwezo wa njia nzima, kwa sababu treni inapangwa kwa kipimo cha pale pagumu kuliko pote.

Sasa angalia ramani. Kilosa iko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100. Lazima upande mita 600 na zaidi ukiwa na mzigo. Mto ulishachonga mpando wa taratibu kwa maelfu ya miaka, bila handaki, bila madaraja marefu ya kuvuka makorongo. Kwa mhandisi wa 1908 mwenye kichwa cha mvuke na bajeti ya kuombea bungeni Berlin, bonde lilikuwa ndiyo njia pekee yenye akili. Mimi siwalaumu. Walipata njia ya mzigo kwa bei nafuu, na gharama iliyobaki wakaachiwa waliokuja baada yao.

---

Mwana wa Ujiji

Mleta uzi usisahau meli. Liemba yetu imepita hapo hapo.

---

Mleta uzi

Umenikumbusha jambo kubwa. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli hii. Ikaunganishwa upya na kuingia ziwani Februari 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiopoa, na toka 1927 ikaitwa Liemba. Fikiria meli nzima ikipanda bonde la Mkondoa, kasha baada ya kasha, kwenye mabehewa ya njia ya mita moja. Huo ndio mzigo ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote katika historia ya njia hii, kwa maana yake.

Na vita havikuishia kwenye meli. Mwaka 1916 Wajerumani wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli ili adui asiitumie. Majeshi ya jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliteka Dodoma mwisho wa Julai na Kilosa mwishoni mwa Agosti, yakishuka kwenye bonde hili hili. Baadaye Waingereza wakaijenga upya na kuiita Tanganyika Railways, wakaongeza tawi la Tabora kwenda Mwanza lililokamilika 1928. Pamba ya Usukuma nayo ikaanza kushuka Mkondoa. Wabelgiji nao wakapewa sehemu zao za bandari Kigoma na Dar kwa mkataba wa 1921, ili mzigo wa Kongo na Ruanda-Urundi upite hapa.

Halafu karanga. Mradi ule mkubwa wa Waingereza pale Kongwa, 1947, tunausoma shuleni kama mfano wa mipango ya haraka: udongo mgumu, mvua chache, matrekta mabovu. Kisichosemwa sana ni kwamba mwanzoni kabisa, vifaa vikiwa vinatakiwa kupanda kwenda Kongwa, mto Kinyasungwe ulifurika ghafla ukaikata reli, wakabaki na barabara ya vumbi tu. Mradi ulikufa 1951. Sisemi mto ndio uliouua. Nasema bonde lilitoa onyo mapema na hakuna aliyelisikiliza.

---

Mtoto wa Gangi

Wakuu naomba niongezee. Mzee wangu alikuwa gangi, yaani mtu wa kikosi cha kutunza njia ya reli, upande wa Kidete, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho.

Watu wanadhani mafuriko yanavunja reli kwa kuipiga kwa nguvu kama gari linavyogonga ukuta. Mara nyingi haiko hivyo. Maji yanapanda upande mmoja wa tuta, yanakuta kalavati limeziba mchanga, hayana pa kutokea. Yanaanza kupenya chini ya kokoto. Kwanza unaona maji machafu yanatoka upande wa pili, kidogo tu. Kokoto ndogo zinaanza kuhama. Halafu udongo wa tuta unakwenda wote kwa mkupuo, na reli haidondoki, inabaki inaning'inia hewani na mataruma yake ya chuma kama ngazi iliyolazwa. Ukiwa mbali, usiku, taa ya treni inaonyesha reli mbili zimenyooka safi kabisa. Chini hakuna kitu.

Ndiyo maana mvua ikinyesha gangi hawalali. Wanatembea kwa miguu na taa, mmoja anaelekea juu mwingine chini, wanaangalia yale maji machafu ya kwanza. Mzee alikuwa anasema mto mkubwa siyo adui wake, adui ni vijito vya pembeni vinavyoshuka kutoka milimani. Mkondoa unaujua utafika lini, kijito kinakuja kwa nusu saa na mawe yake.

---

Mleta uzi

Mkuu, asante sana. Hili nililitaka liseme mtu aliyekua nalo.

Niongeze la mchanga, maana ndilo linaloeleza kwa nini hali imezidi kuwa mbaya. Sehemu za juu za Kinyasungwe, yaani Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, ni nchi kavu yenye mvua chache lakini kali. Miti imekatwa kwa mkaa na mashamba, mifugo ni mingi, udongo uko wazi. Mvua ya kwanza ya Desemba inaubeba wote. Ukifika bondeni maji yanapopunguza kasi, mchanga unatua. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, na daraja limebaki pale pale lilipowekwa. Nafasi iliyokuwa kati ya maji na chuma inazidi kwisha, na kalavati zilizopimwa kwa mto wa zamani zinafukiwa.

Serikali ya kikoloni ilijenga mabwawa huko juu, kama Hombolo na Ikowa miaka ya 1950. Pamoja na kazi zake nyingine, mabwawa ya juu hupunguza kishindo cha maji. Lakini Ikowa ilijaa udongo kwa kasi ambayo hadi leo wataalamu wa mabwawa wanaitolea mfano. Bwawa la Kidete lililokuwa bondeni nalo likabomoka. Kinga zikaisha moja baada ya nyingine.

---

Dereva Mstaafu (malori)

Mleta uzi, mimi nakupinga kwa heshima. Umeipenda hadithi ya mto mpaka umesahau watu. Mzigo ulihama relini kwa sababu ya uongozi. Mwenye kontena akienda kuuliza behewa lake liko wapi hapewi jibu. Mimi nimebeba kwenda Rwanda na Burundi miaka mingi, wateja walikuwa wanatuambia wazi: bei yenu ni kubwa kuliko treni, ila tunajua mzigo utafika lini. Mto haukuwafundisha watu kutopokea simu.

---

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako nzito, na sehemu kubwa naikubali. Ngoja niiweke pamoja na yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilikuwa inabeba zaidi ya tani milioni 1.4 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimeporomoka chini ya laki tatu. Katikati hapo kuna ukodishaji wa 2007, RITES ya India ikiwa na asilimia 51 ya TRL, kampuni iliyopokea reli toka TRC, na Serikali 49, mpaka 2011 ulipovunjwa. Vichwa vilikuwa vichache, mishahara ikaleta migomo. Huo ni uongozi, sibishi.

Lakini angalia jambo moja ambalo wewe wa barabarani unalijua kuliko mimi: mzunguko. Pesa ya mzigo inatokana na behewa kurudi haraka. Chukua mfano: behewa likienda Isaka na kurudi kwa siku 10, linafanya safari tatu kwa mwezi. Likitumia siku 20, umepoteza nusu ya mabehewa yako bila hata moja kuibwa wala kuungua. Sasa weka kipande cha Kilosa na Gulwe chenye vizuizi vya mwendo kila penye tuta bovu, treni inatambaa, inasubiri treni ya pili ivuke stesheni kwa sababu njia ni moja. Halafu kila msimu wa mvua weka kufungwa kwa siku, kwa wiki, mara nyingine miezi. Ofisa wa reli anayeulizwa "mzigo utafika lini" mwezi wa Januari hana jibu la kweli la kutoa, hata akiwa mwaminifu kupita wote. Wateja wako walikuja kwako kwa sababu ya lile neno "lini". Na hilo neno, kwenye reli hii, lilikuwa linaamuliwa na bonde.

Tazama miaka yenyewe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata. Desemba 2009 na Januari 2010 bonde zima lilizama, reli ikafumuliwa sehemu nyingi, na treni ya abiria ikawa inaanzia Dodoma kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara aliyehamisha mzigo wake kwenye lori mwezi ule, nani alimrudisha?

---

Binti wa Kilosa

Hiyo 2010 msiitaje kama habari ya reli tu. Pale mjini kulikuwa na tuta la kuzuia mto, la tangu mkoloni. Watu walishajenga karibu nalo, wanalima juu yake, ng'ombe wanakatiza kwenda kunywa maji, kila mahali pamekuwa na njia. Maji yalipokuja yalichagua pale palipokonda. Maelfu ya watu tuliishi kwenye mahema. Nakumbuka magunia ya mahindi ya watu yamelowa yamevimba mpaka yamepasuka, yameota mle mle ndani.

Na treni ikisimama, mjue kuna vijiji vya bondeni kama Munisagara, Mzaganza na Kidete ambavyo treni ndiyo barabara yao. Mgonjwa, mbolea, sukari ya dukani, vyote vinasubiri. Mama zetu waliokuwa wanauza ndizi na miwa dirishani walikosa soko siku moja na lile soko halikurudi kama zamani.

---

Mleta uzi

Pole sana dada, na asante. Kwenye vitabu vya reli hao akina mama hawamo, na walikuwa sehemu ya uchumi wa njia hii kama pamba ilivyokuwa.

Nipite haraka kwenye tawi la Kilosa kwenda Kidatu maana najua litaulizwa. Lilifunguliwa miaka ya 1960, likapita Mikumi, kwa ajili ya sukari ya Kilombero hasa. Baadaye ndilo lililotoa fursa ya kukutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ila upana wa njia ni tofauti, mita moja kwa TRC na milimita 1,067 kwa TAZARA, kwa hiyo mzigo lazima uhamishwe pale Kidatu. Wazo zuri ambalo halikupata mzigo wa kutosha.

Na ajali ya Igandu, Juni 24, 2002. Sitaki kuiingiza kama mfano wa hoja. Ni juu zaidi ya Gulwe, kwenye mpando huo huo wa kuelekea Dodoma. Treni ya abiria ilirudi nyuma ikiteremka bila breki mpaka ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mungu awarehemu.

---

Mhandisi Kijana

Mkuu, malizia na SGR, ile reli mpya ya umeme. Yapi Merkezi, wakandarasi wa Kituruki, pale Kilosa hawakufuata mto, walitoboa mlima.

---

Mleta uzi

Ndiyo, na kwa mtazamo wangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko umeme wenyewe. Mkataba wa Morogoro hadi Makutupora ulisainiwa 2017. Eneo la Kilosa wakachimba mahandaki manne, refu kuliko yote likizidi kilomita moja, na njia ikainuliwa juu ya bonde kwa madaraja na matuta makubwa. Abiria walianza kwenda Dodoma Julai 2024. Kile ambacho mhandisi wa 1908 hakuweza kukilipia, kimelipiwa baada ya zaidi ya karne moja.

Lakini msiizike reli ya zamani. Kwa mradi wa ukarabati wa reli uitwao TIRP, Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 300 uliolenga kukarabati Dar hadi Isaka, kilomita 970, kwa njia ile ile ya mita moja. Imebeba na bado inabeba mzigo mzito wa bara, na hata sehemu zilizokarabatiwa vizuri zinategemea kipande kile kile cha Mkondoa kisikatike. Katikati ya miaka ya 2010 Wajapani kupitia JICA, shirika lao la misaada, walifanya utafiti mzima wa kuikinga reli hii na mafuriko, wakapima mto na vijito vyake kijito kwa kijito. Na bado kila msimu wa mvua tunasoma tangazo la kusitisha safari kati ya Kilosa na Gulwe.

---

Mchangiaji wa Dodoma

Kwa hiyo wewe ungepewa hela leo ungeanza wapi? Kuinua madaraja au kuhamisha njia?

---

Mleta uzi

Ningeanza mbali na reli. Kongwa na Mpwapwa kwanza: makinga maji kwenye mashamba ya miteremko, mifugo itolewe kwenye kingo za makorongo, miti irudi kwenye vyanzo vya vijito vile alivyovitaja Mtoto wa Gangi. Fedha za reli ziende kwa mkulima wa Mpwapwa kama malipo ya kazi, siyo kama semina. Pili, Kidete ijengwe upya, na safari hii bwawa liwe na bajeti ya kuzolewa udongo kila mwaka, maana bila hiyo litakuwa Ikowa nyingine. Tatu, gangi warudi. Idadi yao ilipunguzwa sana na hakuna mashine inayosikia maji machafu yakipenya kwenye kokoto usiku.

Madaraja yainuliwe pia, hasa kati ya Godegode na Gulwe, lakini ukiinua daraja bila kuzuia mchanga, mto unakuja kukufikia pale pale juu.

Mtoto wa Gangi, kama mzee bado yupo, muulize kitu kimoja kwa niaba yetu: wakati wake walikuwa wanazibua kalavati mwezi gani, kabla ya mvua au baada? Jibu lake lilete humu.